Neno Tupu Halilindi Haki

Katika mitihani iliyopata kutungwa duniani, naujua mmoja ambao haukutungwa ili mtu afaulu. Ulitungwa ili ashindwe. Mtihani huo ulifanyika tarehe 31 Agosti 1962, katika mji mdogo uitwao Indianola, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mtahiniwa alikuwa mwanamke mweusi wa umri wa miaka 44, jina lake Fannie Lou Hamer. Alikuwa kibarua katika shamba la pamba la mtu mwingine. Shule aliiacha angali mtoto, maana pamba haingoji masomo. Siku hiyo alifika Indianola kwa basi pamoja na wenzake 17. Walitaka jambo moja tu: majina yao yaandikwe katika daftari la wapiga kura.

Karani alimpa karatasi, akamwonyesha fungu moja la katiba ya jimbo, akamwamuru alinakili kisha aeleze maana yake. Kwa masimulizi ya Hamer mwenyewe, fungu hilo lilihusu sheria zenye jina la Kilatini, de facto. Alikuwa hajapata kulisikia jina hilo maishani mwake. Kunakili alinakili, maana hakuweza kuieleza. Akaambiwa kwamba ameshindwa. Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi lao, na dereva akatozwa faini kwa kosa la kuendesha basi ambalo rangi yake ya manjano ilifanana mno na ya basi la shule. Jioni hiyo hiyo mwenye shamba alimpa Hamer hiari ya mambo mawili: aende akaliondoe ombi lake, au aondoke shambani. Alikuwa amefanya kazi katika shamba lile kwa miaka 18. Akaondoka usiku ule.

Tafakari jambo hili, msomaji kijana. Serikali iliyomwuliza mwanamke huyu maana ya neno ilikuwa katika nchi yenye maneno mazuri kuliko nchi nyingi za wakati wake. Marekani ilikuwa na katiba iliyoandikwa. Ilikuwa na mgawanyo wa madaraka kati ya Rais, Kongresi na Mahakama. Ilikuwa na shirikisho, yaani majimbo yenye serikali zao chini ya serikali moja kuu. Ilikuwa na uhuru wa kusema, haki sawa mbele ya sheria, na kura ambayo katiba ilikataza mtu kunyimwa kwa sababu ya rangi yake. Maneno yote haya yalikuwapo siku ile Indianola, na hata moja halikutoka kitabuni kumsaidia Hamer katika meza ya karani.

Wako watu wanaodhani kwamba nchi ikiisha kuandika maneno kama haya katika katiba yake, kazi imekwisha. Wako na wengine, hasa katika shule zetu, wanaodhani kwamba mwanafunzi akiisha kuyakariri, elimu yake ya uraia imetimia. Nayapinga mawazo haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa yamezaliwa na mama mmoja. Nasema kwamba neno la serikali ni chombo, na chombo humtii aliyekishika. Neno lile lile laweza kuufungua mlango na laweza kuufunga. Asiyeuliza ni mkono wa nani ulioshika neno hajaijua maana yake, hata akipata alama zote katika karatasi ya mtihani. Nitayachukua maneno machache ya utawala wa Marekani, yale ambayo kila mwanafunzi hufundishwa, niyapime moja baada ya moja.

Neno la kwanza ni watu. Katiba ya Marekani ilitiwa sahihi mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 na wajumbe 39. Huanza kwa kutaja kwamba wanaoiweka ni watu wenyewe. Mwanzo huu husifiwa, na wastahili sifa, kwa sababu katika zama zile nchi nyingi zilitawaliwa kwa jina la mfalme. Lakini watu hao walikuwa ni akina nani? Miongoni mwa wajumbe wale hapakuwa mwanamke, hapakuwa mtu mweusi, wala hapakuwa mtu wa makabila yaliyoikalia nchi ile kabla ya Wazungu. Katiba iliagiza kwamba katika kuhesabu watu ili viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe, kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupata sehemu tatu za kura. Hakupata hata sehemu moja. Aliyepata faida ni bwana wake, ambaye jimbo lake liliongezewa viti kwa ajili ya watu aliowafunga minyororo. Mtu alihesabiwa ili hesabu yake itumike kumkandamiza.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Ukiisoma katiba ile ya 1787 tangu mwanzo hata mwisho, hutalikuta neno mtumwa. Watungaji walilikwepa; mahali pake waliandika habari za watu wengine, au za watu waliofungwa na kazi. Waliona haya kuliandika jambo ambalo hawakuona haya kulitenda. Neno utumwa liliingia katika katiba mara ya kwanza mwaka 1865, katika Rekebisho la Kumi na Tatu, nalo liliingia ili likomeshwe. Basi kwa miaka 78 utumwa uliishi ndani ya katiba bila jina, na siku ulipopewa jina ndiyo siku ulipokufa. Anayesoma maneno ya katiba peke yake, bila kutazama watu, angeweza kuisoma mara mia asijue kwamba nchi ile ina watumwa.

Hata Mahakama ya Juu, ambayo hufundishwa kuwa mlinzi wa katiba, haikuwa kinga. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, Jaji Mkuu Roger Taney alitoa hukumu kwamba mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Neno watu halikubadilika hata herufi moja kati ya 1787 na 1857. Wala halikubadilika mwaka 1868, Rekebisho la Kumi na Nne lilipotangaza kwamba kila azaliwaye katika nchi ile na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Kilichobadilika ni mikono iliyolishika, na kabla ya kubadilika palikuwa na vita vya miaka minne vilivyoua mamia ya maelfu ya watu.

Neno la pili ni haki za majimbo. Maana yake kitabuni ni nyepesi: kila jimbo lina mamlaka yake ambayo serikali kuu haina ruhusa kuyaingilia. Hoja yenyewe si mbaya. Nchi kubwa ikitawaliwa yote kutoka mji mmoja, mkulima wa mbali husahauliwa. Lakini angalia jinsi neno hili lilivyotumiwa. Wenye watumwa wa kusini walilia haki za majimbo kila ilipodhaniwa kwamba serikali kuu ingeugusa utumwa. Mwaka 1850 watu hao hao walifurahia Kongresi ilipopitisha sheria ya watumwa waliotoroka, iliyotia mkono wa serikali kuu ndani ya majimbo ya kaskazini na kuwalazimisha wananchi wa huko kusaidia kuwakamata wakimbizi. Majimbo ya kaskazini yalipotunga sheria zao wenyewe za kuwakinga wakimbizi hao, haki za majimbo zilisahauliwa ghafula. South Carolina ilipojitenga mwezi wa Desemba 1860, moja ya malalamiko yake makubwa ilikuwa kwamba majimbo ya kaskazini hayakuwarudisha watumwa. Yaani ililalamika kwamba majimbo mengine yametumia haki za majimbo!

Miaka 97 baadaye neno hilo lilitolewa tena ghalani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Mwezi wa Septemba 1957, wanafunzi tisa weusi walikwenda kuanza masomo katika shule kuu ya sekondari ya Little Rock, jimbo la Arkansas. Gavana Orval Faubus aliweka askari wa jimbo kuwazuia, huku akisimama juu ya haki za jimbo lake. Ikambidi Rais Eisenhower kuleta wanajeshi wa serikali kuu ili watoto tisa wapite mlangoni. Ni vijana wa umri wako, msomaji, walioingia darasani wakiwa katikati ya bunduki. Mwulize mtu yeyote aliyekariri maana ya haki za majimbo: haki hizo zilikuwa za nani asubuhi ile? Wale vijana tisa nao walikuwa watu wa jimbo la Arkansas.

Neno la tatu ni kura, nalo laturudisha kwa Hamer. Rekebisho la Kumi na Tano la mwaka 1870 lilikataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa alipata kuwa mtumwa. Lilikuwa neno wazi, lisilohitaji mfasiri. Mississippi ilifanyaje? Mwaka 1890, wakati watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika jimbo lile, ilitunga katiba mpya. Katiba hiyo haikutaja rangi ya mtu. Ilisema tu kwamba mpiga kura alipe kodi, na kwamba awe anaweza kusoma fungu la katiba au kulieleza akisomewa. Mwenye kuamua kama maelezo yametosha ni karani, na karani alikuwa mweupe. Mwaka 1898 jambo hili lilifika mbele ya Mahakama ya Juu, nayo ikasema haioni kosa, kwa sababu maneno ya sheria hayakutaja rangi. Ndivyo mahakama ilivyolisoma neno ikaacha kumsoma mtu.

Mtego ule haukuwa na tundu moja. Hamer alisoma, akarudi, akafaulu mtihani mwezi wa Januari 1963. Alipotaka kupiga kura aliambiwa hawezi, kwa kuwa hakuwa na stakabadhi za kodi ya kura. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alikamatwa katika mji wa Winona akirudi kutoka mafunzo ya uraia, akapigwa gerezani kwa kipigo kilichomwachia madhara maisha yake yote. Kabla ya sheria ya 1965, katika Mississippi waliokuwa wameandikishwa kupiga kura hawakufika saba katika kila watu weusi mia waliostahili. Rekebisho la Kumi na Tano lilikuwa na umri wa miaka 95.

Tusicheke ya wenzetu tukasahau yetu. Hapa Kenya, Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza, mwezi wa Machi 1957, haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, kipato, mali, utumishi na mambo kama hayo. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, na wengi hawakuwa na hata moja; na wakati huo huo kila Mzungu mtu mzima alipiga kura yake bila kuulizwa cheti cha shule. Jambo hilo nalo liliitwa uchaguzi. Neno lilikuwa lile lile linalotumiwa leo. Mizani ndiyo iliyokuwa na mawe ya uongo.

Neno la nne ni mjadala. Seneti ya Marekani hujivunia uhuru wa mjumbe kusema bila kukatizwa, na uhuru huo umezaa desturi iitwayo filibasta: mjumbe au kundi la wajumbe husema, na kusema, na kusema, mpaka mswada wasioupenda ufe kwa kukosa kupigiwa kura. Kitabuni hii huitwa kinga ya wachache dhidi ya wingi. Lakini uliza, wachache gani? Mwaka 1922 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuwaadhibu wanaowaua watu kwa makundi bila hukumu ya mahakama, maovu yaliyowapata watu weusi maelfu kwa maelfu. Mswada ule ulizibwa pumzi katika Seneti kwa filibasta. Sheria ya serikali kuu dhidi ya uovu huo ilitiwa sahihi mwezi wa Machi 2022, miaka mia baadaye. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alisimama akasema kwa saa 24 na dakika 18 kuipinga sheria ya haki za raia. Wachache waliokingwa na desturi hii walikuwa maseneta. Wachache waliokuwa wakiuawa hawakuwa na kiti.

Ila chombo chaweza kutwaliwa mkononi. Mwaka 1964 wapinzani wa sheria kuu ya haki za raia waliizuia Seneti kwa siku 60 za kazi. Tarehe 10 Juni kura ilipigwa ya kuufunga mjadala, na kura 67 zilihitajiwa. Seneta Clair Engle wa California aliletwa barazani mgonjwa, uvimbe wa ubongo umemnyang'anya usemi. Jina lake lilipoitwa hakuweza kutamka kitu. Akainua mkono akaonyesha jicho lake. Kwa maana katika Kiingereza jicho na neno la kukubali katika kura hutamkwa sawasawa. Mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Kabla ya miezi miwili kwisha Engle alifariki. Katika baraza lililozikwa chini ya maneno ya siku 60, mtu asiyeweza kusema hata neno moja alisema kuliko wote.

Neno la tano ni chaguo la wengi. Mwanafunzi huambiwa kwamba Marekani ni demokrasia, na demokrasia ni utawala wa wengi. Basi na aeleze hili. Rais wa Marekani hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na wajumbe wateule 538, na mwenye kupata 270 hushinda. Kila jimbo hupata wajumbe kwa hesabu ya wawakilishi wake pamoja na maseneta wake wawili, na kwa kuwa maseneta ni wawili kwa jimbo dogo na kwa jimbo kubwa, uzito wa kura haulingani. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, mjumbe mmoja wa Wyoming husimamia watu wasiofika 200,000. Mjumbe mmoja wa California husimamia zaidi ya 700,000. Mwaka 2000 Al Gore alipata kura za wananchi zaidi ya nusu milioni kumshinda George W. Bush, na Bush akawa Rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump, na Trump akawa Rais. Wako wanaoutetea mpango huu kwa kusema kwamba unayalinda majimbo madogo. Nawajibu kwamba jimbo halilali njaa wala haliendi vitani. Mtu ndiye alalaye njaa na ndiye aendaye vitani. Tena wasisahau kwamba mpango huu, tangu siku ulipotungwa, uliyaongezea nguvu majimbo ya watumwa kwa hesabu ile ya watano kuwa watatu.

Tena kuna ufundi wa kuchora mipaka. Mwaka 1812 Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, alitia sahihi sheria iliyozichora wilaya za uchaguzi kwa namna ya kukifaa chama chake. Wilaya moja ilipinda hata ikafanana na salamanda, mnyama wa umbo la mjusi. Wapinzani wakaliunga jina la gavana na jina la mnyama, na tangu hapo hila hii huitwa jerimanda. Gerry alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Leo jina lake hukumbukwa kwa mjusi. Hila haikufa naye. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mahakama za serikali kuu hazina uwezo wa kuihukumu ikifanywa kwa faida ya chama. Mwaka 2025 chama cha Republican katika Texas kilichora upya wilaya ili kijiongezee viti, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule wapiga kura wa California walikubali ramani ya kukiongezea chama cha Democrat viti. Kila upande ulisema unailinda demokrasia. Mpiga kura humchagua mjumbe wake: ndivyo kisemavyo kitabu. Penye jerimanda, mjumbe humchagua mpiga kura wake.

Sasa nasikia sauti ya mtu akisema: kama ni hivyo, maneno haya yote ni uongo, na wanafunzi wasipoteze wakati kuyasoma. Mtu huyu namwogopa kuliko yule wa kukariri. Mkariri amelala, na aliyelala huamshwa. Huyu amejifumba macho makusudi. Namwomba atazame alivyofanya Hamer. Hakuyatupa maneno ya nchi yake. Aliyadai. Tarehe 22 Agosti 1964, huko Atlantic City, alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democrat, akasimulia habari za Indianola na za gereza la Winona, akaiuliza nchi yake kama ndiyo ile inayojiita ya watu huru. Rais Johnson aliita waandishi wa habari kwa haraka ili kamera za televisheni zimwache mwanamke yule. Hila haikufaa. Jioni maneno yake yalionyeshwa katika nchi nzima.

Wala hakuwa peke yake. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 waliandamana kutoka Selma, jimbo la Alabama, kudai kura. Askari waliwapiga darajani kwa virungu na moshi wa kutoa machozi, na kijana John Lewis alivunjwa fuvu la kichwa. Tarehe 6 Agosti mwaka ule ule sheria ya haki za kupiga kura ilitiwa sahihi. Mitihani ya makarani ikakomeshwa katika Mississippi na majimbo mengine kama hilo. Kufika mwaka 1967, karibu watu 60 katika kila watu weusi mia waliostahili huko Mississippi walikuwa wameandikishwa. Rekebisho la Kumi na Tano lilikuwa lile lile la 1870, halikuongezwa nukta. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kura ya Mississippi ilielea kwa sababu kuna watu walioiunda kwa mifupa yao.

Na kilichoundwa huoza kisipotunzwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliitangua sehemu ya sheria ile iliyokuwa ikiyapima majimbo yenye historia mbaya, ambayo kwa kipimo hicho yalilazimika kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu zao za uchaguzi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mambo yamebadilika. Yamebadilika kweli, lakini mtu haondoi paa kwa sababu ndani hakuvuji.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwanafunzi asijifunze maana ya maneno. Ajifunze, na ajifunze vizuri, kwa kuwa asiyelijua neno hawezi kulidai. Nasema maana iliyo kitabuni ni nusu ya maana. Nusu ya pili hupatikana kwa kuuliza maswali matatu mbele ya kila neno la serikali: lilitungwa na nani, lilipotungwa, nani aliachwa nje, na leo nani anasimama mlangoni kuliangalia. Uliza hivyo juu ya shirikisho na Seneti ya Marekani. Kisha, utakapokuwa mtu mzima, uliza hivyo juu ya ugatuzi, juu ya kaunti, juu ya tume ya uchaguzi, na juu ya kila neno jema lililomo katika katiba yetu ya mwaka 2010. Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni fupi kuliko vitabu vyote vya utawala, na wajumbe wa Philadelphia waliithibitisha bila kuijua.

Siku moja utaketi mbele ya karatasi iliyoandikwa: eleza maana ya demokrasia. Andika jibu ulilofundishwa, upate alama zako, kwa kuwa umezifanyia kazi. Lakini ukiinua kalamu, mkumbuke mwanamke wa miaka 44 aliyeketi mbele ya karatasi kama hiyo huko Indianola. Yeye alishindwa kueleza neno la Kilatini, akafukuzwa shambani, akapigwa risasi zisizompata na virungu vilivyompata. Mwaka 1968, mjini Chicago, aliingia katika mkutano mkuu wa chama akiwa mjumbe halali wa Mississippi, jimbo lile lile lililomwambia kwamba hajui maana ya katiba. Karani wa Indianola alikuwa na katiba mkononi. Mwenye kuijua alikuwa mtahiniwa.